Sinia la Saa Saba

Habari ya kufariki Bi Zuwena niliipata kwa simu ya Faki, na Faki ni mtu ambaye hajapata kunipigia simu kwa jambo la kheri. "Raya, Bi Zuwena hatunaye," akasema, kisha akakata, kwa sababu alikuwa analia na hakutaka nimsikie. Nikaenda Wete kwenye hitma. Tulikutana pale karibu sote tuliofanya naye kazi katika kile chumba cha juu ya ghala la barafu, wengine wameota vitambi, mimi na miwani yangu, na baada ya dua kijana mmoja aliyevaa shati lililonyooshwa vizuri akanijia kwa adabu. Ni mfanyakazi wa kampuni kubwa huko Unguja mjini. Akanambia kwao wamo watu mamia, na wakubwa wanataka wote wafanye kazi kwa vikundi vidogo na kwa vipande vifupi vya kazi, mambo yale ambayo kwa Kiingereza huitwa ajaili, na kwamba amesikia sisi wa Wete tuliwahi kuyafanya yakafaa. "Bi Raya, siri yenu hasa ilikuwa nini?" Nilipandwa na hasira, wallahi, si juu yake yeye, maskini, bali juu ya swali. Swali hilo ndilo lililotuharibia. Nikamwambia hapa ni msibani, mwanangu, nipe namba yako. Sikumpigia. Haya ninayoandika ndiyo jibu lake, na kama ni refu anisamehe, kwani jibu fupi tulishawahi kulitoa na lilitutokea puani.

Mwaka ule nilikuwa bado binti, nimemaliza chuo, nimerudi Pemba na cheti na maringo. Kampuni iliyoniajiri ilikuwa na viwanda vya barafu na vyumba vya baridi pwani nzima mpaka huko ziwani, makao makuu Dar es Salaam. Tawi la Wete lilikuwa na kiwanda kidogo karibu na bandari, na juu ya ghala palikuwa na chumba kimoja chenye kompyuta. Chini sakafu ya baridi, juu bati la moto, na harufu ya samaki haikutoka hata ukifukiza ubani wa soko zima. Mkubwa wetu alikuwa Bi Zuwena, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito, aliyefanya kazi Dar miaka mingi akarudi kwa kusudi moja tu. Alitaka pawepo mahali Pemba ambapo kijana anaweza kuandika programu za kompyuta bila ya kuvuka bahari. Basi. Hakuwa na habari na cheo wala gari. Faki alikuwa mtu wa Shumba, mkono wake katika kazi mzuri kuliko wetu sote na mdomo wake mbaya kuliko wa sote. Hamad alikuwa wa Kojani, ndiyo kwanza ameoa, mpole, mtu wa kuinamisha kichwa, na yeye ndiye aliyeandika sehemu ya ujumbe unaokwenda kwenye simu za wavuvi.

Kazi yetu ilikuwa programu ya kuagiza barafu. Mvuvi aagize kwa simu, ajibiwe saa ya kupelekewa, gari iende. Makao makuu walikwisha jaribu kuitengeneza programu hiyo kwa mpango mkubwa wa miaka, ikashindikana. Bi Zuwena akatuambia tusiipange yote, tutengeneze kipande kidogo, tuwape wavuvi wa Wete wakitumie wiki mbili, watutukane, turekebishe, tuongeze kipande kingine. Ukutani tulikuwa na ubao wenye safu tatu, Bado, Inafanywa, Imekwisha, na vikaratasi vya rangi tukivihamisha. Kila asubuhi tulisimama mbele yake, kila mtu aseme jana kafanya nini na leo anafanya nini. Mtu akija kututazama, hicho ndicho alichokiona, na kilipendeza kweli. Lakini nawe unawajua watu wa kwetu. Unamkuta mtu kalazwa hospitali, dripu mkononi, unamwambia "Wambaje?" anakujibu "Njema, alhamdulillah." Baada ya hapo ndiyo akueleze anavyokufa. Basi kile kikao cha asubuhi kilikuwa salamu. Bi Zuwena akiuliza, "Faki, kazi?" Faki hujibu, "Inakwenda, Bi." Hamad? "Haina neno." Raya? "Nzuri tu." Tunahamisha vikaratasi, tunakaa. Bi Zuwena alijua kuwa ni salamu na wala hakuudhika, kwa sababu alikuwa anangoja saa saba.

Saa saba, tukishaswali, jirani aitwaye Bi Mgeni alileta chakula alichotupikia kwa zamu zetu za kuchangia. Wali wa nazi, mchuzi wa changu au pweza, mchicha, achari ya maembe, na pilipili za kutoa machozi. Jamvi likitandikwa, masinia mawili, la wanaume upande wa dirisha, la wanawake upande wa mlango, karibu kiasi kwamba ukitaka ndimu unanyoosha mkono tu. Na hapo ndipo kazi ilipofanywa. Ukila sinia moja na wenzio huwezi kujificha. Mtu mwenye jambo moyoni mkono wake hauendi, na wenzake watauona kabla yeye hajajijua, kwa sababu upande wake wa wali unabaki mzima. Siku moja nilimsikia Hamad kule upande wao akimwambia Faki, "Yakhe, mbona huli?" Faki akasema kashiba. "Umeshiba na nini, chai ya mkono mmoja, bila hata andazi?" Wakacheka. Kisha Faki akasema kwa sauti ya chini kabisa kwamba kile kipande alichokihamishia safu ya Imekwisha hakijakwisha, kina kosa, agizo likifutwa barafu inapelekwa vilevile, na amekesha nalo halimwelekei. Bi Zuwena upande wetu hakugeuka. Alichambua samaki wake akasema, "Raya, jana hukugusa mambo ya kufuta maagizo wewe?" Nilikuwa nimeyagusa. Kosa lilikuwa langu nusu, lake nusu. Mpaka chai inaletwa tulikwisha patana namna ya kulitengeneza, na hakuna aliyeonekana mjinga, kwa sababu mikono yetu sote ilikuwa na mchuzi.

Wavuvi wakaipenda programu. Makao makuu wakasikia, akaja Mkurugenzi wa mifumo, Bwana Mathias, mtu mrefu, mchangamfu, anayemwita Bi Zuwena "Mama" kama wafanyavyo watu wa bara. Akasimama nasi asubuhi, akatupiga picha na ubao, akafurahi mpaka akawa anajipigia makofi mapajani. Saa saba alipelekwa kula hotelini na meneja wa kiwanda, kama mgeni anavyostahiki. Jioni akatukusanya na kusema wazi. Chumba chetu ni gharama, na wenzake Dar wanataka kazi yote ihamie huko. Yeye ana rai nyingine. Tuandike namna tunavyofanya kazi, kampuni nzima ifuate, kila tawi liwe na kikundi chake na ubao wake. Mwaka ukimalizika, ikishika, Wete itakuwa ndiyo skuli ya kampuni na chumba hakiguswi. Isiposhika, chumba kinafungwa, atakayetaka kazi aende Dar. Bi Zuwena akamwitikia kwa kichwa. Baada ya mgeni kuondoka akakaa kwenye kiti, akajipepea kwa mtandio, akasema, "Haya. Mmesikia wenyewe."

Tuliandika mwongozo ule sote pamoja. Kikao cha asubuhi, ubao, safu tatu, wiki mbili, kumwonesha mvuvi. Mimi ndiye niliyekuwa nachapa, na nilipofika mwisho nikauliza, "Na saa saba je?" Chumba kizima kikaangua kicheko. Faki akasema, "Andika: halafu tunakula." Bi Zuwena naye akacheka, kisha uso ukamrudi. "Ebo! Tuwaandikie makao makuu kuwa sisi tunakaa chini kwenye jamvi saa nzima tunachambua miba? Watasema Wapemba wale tumewaajiri kula. Na wanawake na wanaume chumba kimoja, nani ataelewa? Aibu hiyo. Toa." Nikatoa. Wala hakuna aliyebisha, kwani kwetu chakula si kitu cha kutangazwa. Mtu hujifungia mlango akala, na akipita mtu humkaribisha, lakini hendi sokoni kusimulia alichokula. Tuliona tumefanya adabu. Hatukujua kwamba tumeondoa kazi tukaacha salamu.

Bi Zuwena akanituma matawini kufundisha. Tanga, Dar, na kwengine. Kila nilikokwenda nilipokewa vizuri na ubao ulikuwa mpya, mkubwa kuliko wetu, vikaratasi vimepangwa vikapangika. Dar kikao cha asubuhi kilikuwa na watu wamejaa ukumbi, wamesimama mbele ya meneja aliyekaa. Yeye ndiye aliyeulizia kazi, na kila mtu akijibu huku akimtazama yeye na si wenzake. Wakasema kila kazi ipewe alama, kubwa alama nyingi, ndogo chache, jambo tulilolifanya sisi kwa ajili ya kujikadiria tu. Tawi lenye alama nyingi likawa linasifiwa kwenye barua pepe za Ijumaa, na mwezi uliofuata kila kazi ya kampuni ilikuwa kubwa, hata kubadilisha rangi ya kitufe. Tanga nilikaa kwenye chumba cha chai nikasikia wasichana wawili wakinong'ona nyuma ya birika. "Umesema imekwisha?" "Nimesema. Ungesema wewe haijaisha mbele ya yule meneja?" Waliponiona wakaniuliza habari za Pemba. Nikawajibu nzuri.

Baya zaidi, kila tawi lilitaka kipande chake cha programu ya kampuni nzima ili nalo lionekane lina kikundi. Dar wakapewa sehemu ya kupokea maagizo, Tanga sehemu ya kupanga magari. Tanga wakingoja jambo kutoka Dar, Dar wakidhani Tanga wanalo, na asubuhi kila upande unahamisha vikaratasi vyake. Nilirudi Wete nikayaeleza kwenye sinia. Faki akapiga kofi la paja. "Yakhe, watu hawa wanakusanya salamu, wanaziita taarifa!" Tukacheka, lakini Bi Zuwena hakucheka. Aliandika kwa Bwana Mathias mara kadhaa kwamba mambo hayako sawa. Akajibiwa kwamba mbao za matawi yote zinaonesha maendeleo mazuri, na labda Mama amechoka kidogo.

Programu ya kampuni nzima ikafunguliwa karibu na mwisho wa mwaka, na sisi tukaamrishwa kuzima yetu. Siku ya pili tu, wavuvi wa Kojani waliorudi na samaki wengi waliagiza barafu, wakajibiwa kwa simu: Barafu yako iko njiani. Ujumbe mzuri, wa adabu, alioutunga Hamad mwenyewe, nao wakauchukua kama ulivyo. Wakangoja. Kojani huendi kwa gari, lazima mzigo ufikishwe pwani kisha uvushwe kwa mashua, kwa hiyo walipanga watu pwani, mashua tayari, na samaki juani. Barafu haikuja. Agizo lilikuwa limepokelewa kwenye sehemu ya Dar lakini halijafika kwenye sehemu ya Tanga ya kupanga magari, kwa sababu vile vipande viwili havikuwahi kuunganishwa, ingawa kila kimoja kwake kilikuwa Imekwisha. Samaki wakatupwa. Ami yake Hamad akavuka mpaka Wete, akapanda ngazi za ofisi, akasimama mlangoni na koti lake la mvua linanuka, akamwambia mtoto wa nduguye mbele yetu, "Hamadi, simu yako imetudanganya." Hakutukana. Angetukana tungepona.

Bwana Mathias alikuja kwa ndege ya asubuhi, uchangamfu wote umemtoka. Akatusimamisha mbele ya ubao, akasema makao makuu wamekwisha amua, njia yenu ya Wete imefuatwa neno kwa neno na imeleta hasara pwani nzima, chumba kifungwe. Nilimtazama Bi Zuwena. Nilidhani atatetea mwongozo, aseme Dar walikosea hapa, Tanga pale. Akasema, "Mkurugenzi, hukupewa njia yetu. Ulipewa nusu. Nusu ya pili niliona haya kuiandika." Kisha akamwambia kwamba leo hatakwenda hotelini.

Akakaa na wanaume upande wa dirisha, suruali ya suti, miguu mirefu haijui pa kwenda. Mwanzoni alikula haraka kama mtu aliye na safari. Halafu mkono ukamwia mzito. Faki, bila ya kumtazama usoni, akamsogezea kipande cha pweza upande wake na kusema, "Huli, Mkurugenzi." Akajibu kashiba. "Hujagusa kitu." Wanawake tukajitia tunazungumza mambo ya achari. Hapo ndipo Bwana Mathias alipoanza, kwa sauti ambayo hakuwa nayo kwenye mikutano, kwamba yeye mwenyewe alijua Dar na Tanga hazijaungana. Alijua wiki nzima kabla. Alikwisha waahidi wakubwa zake, akaogopa, akaomba Mungu isitokee. Hakuna aliyemlaumu. Hamad akamwuliza swali moja la kazi, Faki jengine, na kabla ya chai walikuwa wanachora kwenye karatasi namna ya kuviunganisha vipande viwili, na watu gani wa Tanga na Dar wakae pamoja mpaka viungane. Alipoondoka alimshika Bi Zuwena mkono kwa mikono yake miwili. "Mama, chumba hakifungwi. Nitapigana." Na akapigana kweli. Chumba hakikufungwa. Siku hiyo Bi Zuwena alilia mbele yetu, akasema sasa hata akifa ameridhika.

Laiti mtu yule angekuwa mbaya! Mtu mbaya angetusahau. Bwana Mathias alitupenda, na haikupita muda ikaja amri kwa matawi yote: Chakula cha Pamoja, kila siku ya kazi, saa saba hadi saa nane, mahudhurio ni lazima. Kila kikundi kiwe na sinia, kila wiki tawi lipeleke idadi ya matatizo yaliyotajwa wakati wa kula. Kwa kuwa Wete ndiyo skuli, akaletwa dada mmoja kutoka Dar, mstaarabu, mwenye heshima zake, akae nasi mwezi mzima ajifunze. Alikataa kula mwanzoni asije akatubana kwenye sinia. Alikaa kwenye kiti kati ya masinia mawili, na kishikwambi mapajani, na kila mtu akisema kitu anagusa kioo.

Siku ya mwanzo Faki alisema samaki mtamu. Mwengine akasema kweli, mtamu. Tukausifu mchuzi, tukausifu wali, tukamsifu Bi Mgeni mpaka angekuwepo angekimbia. Yule dada akauliza kwa upole kama yupo mwenye changamoto yoyote. Faki akajibu, "Kazi inakwenda." Nikainua macho, nikaona upande wa Hamad. Wali wake ulikuwa mzima, hata haujachimbwa. Alikuwa ameinamisha kichwa, anaumbaumba tonge moja lisilokwenda kinywani. Faki naye kaona, nikajua kwa namna alivyougeuza uso dirishani. Bi Zuwena akaona. Alimtazama Hamad kitambo, midomo ikamfunguka kidogo, kisha akamtazama yule dada, akanawa mkono wake kabla sisi hatujamaliza, akasema, "Kuleni, kuleni, msimwache Bi Mgeni na chakula chake."

Baadaye nilimfuata kwenye ngazi za ghala, alikokuwa amesimama peke yake. "Bi, umemwona Hamad?"

"Nimemwona."

"Mbona hukumwuliza?"

"Ningemwuliza vipi, mwanangu, akawe namba ya wiki hii?" Akajifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Akinambia, litaandikwa. Asiponambia, litamuua. Hebu niache kidogo."

Nikamwacha. Kesho yake Hamad alikuja na mkate wake wa boflo kwenye mfuko, akasema tumbo linamsumbua, atakula mezani kwake. Mwisho wa mwezi akaandika kuacha kazi. Chumba kilikuwa kimeshapakwa rangi mpya kwa ajili ya wageni kutoka matawini. Akapita kutuaga mmoja mmoja, wanaume kwa mkono, wanawake kwa kuinama, kwa adabu zake zote za Kojani, na alipofika kwa Bi Zuwena, Bi Zuwena akamwuliza mbele ya sote, kulikoni, baba? Hamad akatabasamu, akasema haina neno.